Nilivyofundishwa Kusema Sijui

Daktari alipomwaga vile vipande vya mbao mezani, pua yangu ilisikia maziwa ya unga. Hakukuwa na maziwa pale. Kulikuwa na meza nyeupe, kiyoyozi kinachovuma, boksi la plastiki, na mwanangu Elisha ambaye alikuwa ameshatoka kwenye kiti, amefika dirishani, amerudi, na sasa alitaka kujua kiyoyozi kinafunguliwaje. Tulikuwa tumesafiri kutoka Mpanda mpaka Dodoma ili apimwe. Shuleni kwao Shanwe walisema hasomi, hatulii, na anajibu kabla swali halijaisha. Daktari huyu, dada mpole mwenye miwani, alikuwa anatafuta kama ni usonji, kama ni tatizo la umakini na kutotulia, au kama ni kusoma tu ndiko kunakomshinda. Mimi niliambiwa nikae kwenye kiti cha pembeni nisiseme kitu. Nikakaa. Lakini ile harufu ilikuwa imeshanikamata, nami sikuwa tena mama wa mtu. Nilikuwa mtoto wa Mishamo, ndani ya stoo ya shule, nimebana miguu.

Ngoja nianze mwanzo, ingawa kuanza mwanzo hakujawahi kuwa kipaji changu.

Mishamo ya wakati ule ilikuwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Mimi nilizaliwa humo humo na sikuwahi kukimbia kutoka popote isipokuwa darasani. Barabara zilinyooka, viwanja vilipangwa kwa mstari, kila nyumba ilikuwa na mahindi yake, maharage yake na mihogo yake, na nyuma ya mashamba lilikuwa pori tupu. Baba yangu, ambaye kwa Kirundi chetu tulimwita Data, alikuwa fundi baiskeli. Kazi haikukosekana, maana kila gunia lililotoka Mishamo lilitoka juu ya baiskeli. Tuliishi naye, mama, na mama yake Data, bibi yangu, ambaye tulimwita Nyogokuru.

Na mimi Goreti nilikuwa mtoto asiyekaa. Sisemi hivyo kwa kujisifu, wala siku hizi sisemi kwa aibu. Nilitumwa kisimani na ndoo, nikarudi na sketi imejaa uyoga, na ndoo yenyewe sijui nimeiacha wapi. Kanisani watu walipofumba macho kusali, mimi nilitoka kwenda kumtazama aliyekohoa nje. Miguuni nilihisi sisimizi, tena si juu ya ngozi, ni ndani, kwenye mifupa, na dawa yao ilikuwa moja tu, kuinuka. Mama aliniita Panzi. Shuleni mwalimu wetu, Mwalimu Sospeter, aliniita majina mengine ambayo sitayaandika, maana yawezekana bado yuko hai na ana wajukuu.

Ninyi mliosoma enzi hizo mnajua dawa ya mtoto wa namna yangu ilikuwa nini. Ilikatwa kwenye mti nje ya ofisi, na mara nyingi nilitumwa mwenyewe kwenda kuikata. Nikienda kuikata nilikuta kiota, nikakaa kukitazama, na nikirudi kipindi kimeshakwisha na fimbo sina. Hapo zilihesabiwa upya. Kusoma nako kulinishinda. Herufi nilizijua, lakini kabla sijafika mwisho wa mstari, kuna kitu kilikuwa kimenipita nje ya dirisha, na mimi nilikuwa nacho huko.

Sisimizi walilala mahali pamoja tu, kwenye baraza ya Data, kati ya harufu ya grisi na gundi ya kuzibia pancha. Pale nilikaa mpaka jua linazama. Nilipanga gololi kwa ukubwa. Niligusa spoku moja moja kwa ukucha na kusikiliza, maana spoku iliyolegea hailii sawa na wenzake, na Data aliniamini kiasi kwamba alikaza ile niliyomwonyesha bila kuuliza. Huko sikuitwa mjinga, na mpaka leo nikisikia harufu ya grisi moyo wangu unatulia.

Basi asubuhi moja Mwalimu Sospeter akaniita mbele ya darasa. Akasema kuna mtaalamu anazunguka kwenye mashule kupima akili za watoto wanaoshindwa, na kwamba yeye alipoombwa majina, la kwanza kulitaja lilikuwa langu. Wenzangu wakacheka. Mimi nikabaki na neno moja tu kichwani, kupima. Mzani nilioujua mimi ulikuwa ule wa kliniki, unaoning'inizwa kwenye tawi la mti, wenye kikaptula ambamo mtoto mchanga anatumbukizwa huku miguu ikielea na machozi yakimtoka. Nikajiuliza kichwa kitatumbukizwaje mule. Nilikimbia mpaka nyumbani.

“Mama, watanining'iniza kwa masikio?”

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Data naye alicheka. Nyogokuru hakucheka. Alikuwa akimenya mihogo ya kuloweka, na kisu chake kilisimama.

“Nani anakuja?” akauliza. “Anakuja na gari?”

“Na gari, Nyogokuru.”

“Ana karatasi?”

“Mwalimu kasema anaandika yote tunayojua.”

Hapa inabidi nieleze desturi moja ya kwetu, vinginevyo hamtaelewa kilichofuata. Mtu yeyote aliyeshuka kwenye gari akiwa na karatasi mkononi, awe wa chakula, wa afya au wa sensa, wazee wetu walimjibu kwa neno moja. Mko wangapi humu ndani? Sijui. Mmevuna magunia mangapi? Sijui, bwana mkubwa. Na bibi yangu alikuwa na jibu lake lililozidi yote, alilolitoa kwa Kirundi, taratibu, macho yakitazama chini. Maana yake ilikuwa, sijui Kiswahili. Mkalimani akalitafsiri, mgeni akachoka, gari likaondoka. Mimi niliyatazama hayo tangu nipate akili na nikadhani ni mchezo wa watu wazima, kama sisi tulivyocheza kujificha. Niliwaonea hata wivu kwa jinsi walivyoweza kukaza uso bila kucheka.

Jioni ile Nyogokuru aliniketisha jikoni, akaniambia kwamba si mchezo.

“Babu yako alikuwa mwalimu,” akasema. Sikuwahi kuambiwa hivyo. “Huko Burundi askari walikuja shuleni kwake na karatasi. Wakaita majina. Hawakuita wajinga, mwana wanje, mwanangu. Waliita waliojua. Alivaa koti lake, alidhani anaitwa mkutanoni. Hata mimi nilidhani hivyo, nikampigia koti pasi.”

Nikangoja amalizie babu alirudi saa ngapi. Hakumalizia.

“Wakaja tena kuniuliza mimi. Unajua kusoma? Sijui. Mumeo alikuwa na rafiki gani? Sijui. Alikuwa akisema nini nyumbani? Sijui, sijui kitu. Baba yako nilikuwa nimembeba mgongoni. Wakaniona mjinga, wakaniacha nipite. Kwa hilo neno ndivyo nilivyomvusha baba yako mpakani. Umesikia?”

Nilisikia. Data, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, “Lakini mama, huyu anapimwa shuleni, si mpakani.”

“Na baba yako aliitwa wapi? Si shuleni?”

Sikuwahi kumwona Data akimbishia mama yake, na siku ile sikuona pia. Alikwenda barazani kwake, akaanza kukaza nati iliyokwishakazwa.

Basi nikafundishwa. Nyogokuru alinikalisha kwenye kigoda, akaniwekea ungo wa maharage magotini. Kazi yangu ilikuwa kutoangusha hata harage moja wakati yeye ananiuliza. Jina la mto wetu? Sijui. Ng'ombe ana miguu mingapi? Nikasema minne, maharage yakamwagika, tukaokota. Tulirudia siku baada ya siku. Sisimizi walinila mpaka nikalia. Nilijifunza kuzungusha miguu yangu kwenye miguu ya kigoda na kuibana kama unavyobana gurudumu unapolinyoosha, na nilijifunza kutazama mahali pamoja, kwenye kucha ya kidole gumba changu. Sikufanya hivyo kwa utii. Niliogopa. Nililala nikiona koti lililopigwa pasi, na halikuwa na mtu ndani.

“Mdomo huponza kichwa,” alisema kila tulipomaliza, akinifuta machozi kwa kitenge chake. Siwezi kusema alikuwa mkali. Alinipenda, na alinipa kitu pekee alichokijua kuwa kinaokoa.

Mtaalamu alikuwa mwanamke, Mwalimu Rehema, mnene kidogo, mwenye sauti ya kubembeleza na viatu vilivyokuwa vyekundu kwa vumbi letu. Alipewa stoo ya shule, kati ya majembe na madawati yaliyovunjika. Juu ya dawati alikuwa na picha, shanga, na kopo kubwa la maziwa ya unga. Alipofungua kile kifuniko harufu tamu ikanijia, na mate yakanijaa mdomoni. Nikadhani atanikorogea. Badala yake akamwaga vipande vya mbao, vyekundu na vyeupe, vilivyonukia maziwa.

“Unaitwa nani, mama?” akaniuliza kwa upole.

Hata hilo niliona nilifikirie kwanza. “Sijui,” nikasema.

Alitabasamu, akaandika. Nilipoiona kalamu ikitembea, miguu ikajibana yenyewe.

Akapanga vipande vinne, vikatengeneza umbo kama kishada, akasema nami nipange hivyo. Mikono yangu iliwasha. Niliona kabisa kipande gani kigeuzwe na wapi kikae. Nikatazama kucha yangu, nikasema sijui. Akanitajia namba nizirudie. Sijui. Akanipa kalamu nichore mtu. Nikaishika kama sijawahi kuona kalamu, nikairudisha. Kila sijui iliyotoka ilikuwa rahisi kuliko ya kabla yake, na jambo hilo lenyewe lilinitisha, lakini sikuacha.

Kisha akaja na picha zenye kasoro. Mtoto alitakiwa kusema nini kinakosekana. Akaweka picha ya baiskeli.

Haikuwa na cheni! Pedeli zilikuwepo, giya zilikuwepo, na katikati hakuna kitu, na juu yake kakaa bwana mmoja mwenye kofia, anacheka kana kwamba anakwenda mahali. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama kumwona mtu anakunywa chai kwenye kikombe kisicho na kitako, halafu ukatazwa kusema. Neno lilipanda mpaka kwenye meno. Machozi yakanitoka. Mwalimu Rehema akasogeza picha karibu.

“Hapa pana nini, Goreti? Unaijua hii, eti?”

“Sijui,” nikasema, na ile sijui iliniuma.

Wakati natoka nilimsikia akimuuliza Mwalimu Sospeter mlangoni, “Huyu ndiye uliyesema anaruka madirishani? Mbona ametulia hivi?”

“Labda leo anaumwa,” akajibu Mwalimu Sospeter.

Nilikimbia njia nzima. Sisimizi wote walikuwa wameachiwa kwa mpigo, nikapita kwenye mahindi ya watu, nikaruka mifereji, nikafika nyumbani napiga kelele kwamba nimesema sijui yote, yote, hata jina! Nyogokuru alinishika mashavu. Akanikaangia karanga, akanimwagia kwenye viganja zikiwa za moto. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kufaulu mtihani, na nilizila zile karanga nikiwa nimesimama, najiona mkubwa.

Furaha yangu haikudumu. Mwalimu Rehema alikuwa bado kwenye makazi, akimaliza shule za jirani, na mchana mmoja alikuja nyumbani kwetu na Mwalimu Sospeter. Data aliwafutia viti barazani. Mama akaleta maji ya kunywa. Nyogokuru alikaa kwenye mkeka wake pembeni, miguu ameinyoosha, uso wake umekuwa ule wa kuwajibu wageni wa gari. Mimi niliambiwa nisimame mbele yao, na nilifanya kadiri nilivyoweza.

Mwalimu Rehema hakuzunguka. Alisema kwa huruma, akimtazama Data, kwamba mtoto ana uzito mkubwa wa akili. Kwamba katika kila jambo alilonipima sikuweza hata moja. Kwamba kuna shule ya bweni ya watoto wa namna hiyo, mbali, huko Tabora, wanafundishwa kufua, kupika na kujitunza, na kwamba ameniombea nafasi. Gari la kurudi lingenichukua.

“Asome nini huko?” Data aliuliza. “Akapike? Huyu ananinyooshea magurudumu.”

“Mzee, mapenzi ya mzazi tunayaelewa,” Mwalimu Sospeter akasema. “Lakini hata jina lake hakulijua.”

Mama akaanza kulia pale pale, bila kujificha. Mimi nilichosikia ni gari. Gari litanichukua. Nilimtazama Nyogokuru, maana hesabu haikukaa sawa. Nilikuwa nimesema lile neno. Nilikuwa nimelisema vizuri kuliko mtu yeyote Mishamo. Uso wake ulikuwa umeanguka, na midomo yake ikanong'ona kwa Kirundi, kwangu au kwa Mungu, sijui, “Hata wasiojua wanachukuliwa?”

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuliona. Aliinuka kwenye mkeka, akakaza kitenge kiunoni, akamsogelea Mwalimu Rehema aliyekuwa na kalamu mkononi, na akasema kwa Kiswahili.

“Mwalimu. Huyu mtoto anajua.”

Data aligeuka kama aliyepigwa. Miaka yote ile mama yake hakujua Kiswahili. Alichokuwa nacho kilikuwa Kiswahili cha huko kwao, cha watu waliokwenda shule za misheni, kimekaa muda mrefu bila kutumika lakini hakijaharibika.

“Anajua yote,” akaendelea. “Ni mimi nimemfundisha kusema hajui. Mume wangu alikuwa mwalimu kama wewe. Alijua, wakamwandika, wakamchukua. Nikaona huyu wa kwangu asiandikwe. Sasa wewe unamwandika kwa sababu hajui. Mimi nimeshindwa kuelewa. Kama lazima uandike, andika mimi. Mimi ndiye najua.”

Mwalimu Rehema aliweka kalamu chini. Kisha akasimama, maana bibi alikuwa amesimama, akamshika mikono yote miwili.

“Pole, mama,” akasema. “Pole sana. Mimi sichukui watu. Nilitaka kujua nimsaidieje tu.” Akageuka kwangu. “Goreti, tuanze upya?”

Nikamtazama Nyogokuru.

“Sema, mwana wanje.”

“Na miguu?”

“Iachie.”

Kopo la maziwa lilifunguliwa juu ya benchi la Data, kati ya tairi na koleo. Nilipanga vipande nikiwa nimesimama, nikazunguka mti, nikarudi nikapanga umbo lingine kabla sijaambiwa, nikaenda kumfukuza kuku, nikarudi. Namba nilizirudia nikirukaruka, na nilipotulizwa ili nirudie vizuri nilizisahau, na niliporuka tena zikarudi. Alipotoa picha ya simu yenye kasoro nilisema, “Hiki sikijui, lakini hiki kweli sikijui, siyo sijui ya juzi.” Mama alicheka huku machozi bado yako shavuni. Na ilipotoka picha ya baiskeli nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

“Cheni! Haina cheni! Na breki ya nyuma hamna, na huyu bwana akiteremka mlima anakufa!”

Mwalimu Rehema aliitazama picha yake mwenyewe kwa makini. Breki ya nyuma kweli haikuwepo, mchoraji alikuwa ameisahau. Alicheka akainamia magoti yake.

Alichosema baadaye nilikisikia kwa vipande, maana nilikuwa kwenye mti. Lakini hiki nilikisikia chote. Alimwambia Mwalimu Sospeter, “Huyu si mzito wa akili. Ni kwamba hawezi kutulia. Hawezi, siyo hataki.”

“Hawezi vipi, mwalimu? Siku ile stoo alitulia kama jiwe.”

“Alitulia kwa hofu,” akajibu. “Na uliona alichonijibu akiwa ametulia.”

Tangu hapo nilipewa mahali pangu nyuma ya darasa, ukutani, nikaruhusiwa kusimama. Nikatumwa mimi kuleta chaki, kupiga kengele, kupeleka daftari ofisini. Msidhani mambo yalinyooka. Mwalimu Sospeter alisahau mara nyingi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko kumbukumbu yake. Kusoma kulinichukua miaka, na mpaka leo kitabu nakisoma huku natembea. Ila sikwenda Tabora. Mwalimu Rehema hakurudi tena, na sikuwahi kupata nafasi ya kumwambia ahsante, jambo linalonikera hadi sasa.

Nyogokuru ndiye aliyelipa. Msimu wote ule, kila gari liliposikika barabarani, alitupa alichoshika, akanivuta mkono mpaka ndani ya mahindi, tukachuchumaa hapo. “Nimesema,” alininong'oneza. “Mimi na mdomo wangu, nimesema.” Gari likipita, likaenda zake na magunia yake, alikaa bado, ameshika kifundo cha mguu wangu, nami kwa ajili yake nilijitahidi kutotikisika. Wakati ule nilidhani ananificha kwa sababu nimefanya kosa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba aliamini kwa dhati, siku ile barazani, kwamba anajitoa yeye ili nibaki mimi. Alifariki kabla hatujapewa uraia wa Tanzania. Nililia sana, na mazishini nilizunguka kaburi lake mpaka shangazi mmoja akaniambia nikae, na Data akamwambia aniache.

Hayo yote yalinipita Dodoma, kwenye kiti cha pembeni, wakati Elisha anapanga vipande akiwa amepiga goti moja kwenye kiti. Alipomaliza akapewa karatasi ya kuchora, akakaa chini ya meza nayo. Daktari akanigeukia. Aliniuliza mtoto alianza kutembea lini, alianza kusema lini, analalaje, anakulaje. Nilijibu vizuri. Kisha akageuza ukurasa, kalamu ikawa tayari.

“Na kwenye familia, mama, upande wako au wa baba yake, kuna mtu mwingine aliyekuwa hivi utotoni?”

“Sijui,” nikasema.

Ilitoka kabla sijaifikiria, taratibu, macho yakitazama chini kwenye kucha ya kidole gumba. Sauti haikuwa yangu. Mimi nina kitambulisho cha taifa mkobani. Nina duka la spea pale Shanwe, na jina langu limeandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Lakini kalamu ilipoinuka, Nyogokuru alinishika kifundo cha mguu, nikarudi kwenye mahindi. Daktari akaandika nilichosema na kuanza kwenda kwenye swali linalofuata.

Kichwa cha Elisha kikatokeza chini ya meza.

“Mama, mbona unaitikisa meza? Mstari wangu umepinda.”

Nikatazama chini. Ulikuwa mguu wangu, unacheza wenyewe kama cherehani. Sikuubana.

“Daktari, ile sijui ifute,” nikasema. “Ninajua. Andika.”